Sera ya Faragha Iandikwe kwa Lugha ya Mfanyakazi



Siku hizi mambo mengi ya mfanyakazi yanapita katika simu. Akiba ya uzeeni huangaliwa kwa simu, mkopo huombwa kwa simu, na viko vyama vya wafanyakazi vinavyoandikisha wanachama katika tovuti zao. Kabla hujaingia, tovuti inakuonyesha maandishi marefu yanayoitwa sera ya faragha, na chini yake pana kitufe cha "Nakubali". Wengi wetu tunabonyeza bila kusoma. Makala hii inaeleza maandishi hayo ni nini, kwa nini hayasomeki, na jinsi yanavyoweza kuandikwa ili mchuma chai na mwendesha mashine wayaelewe.

SERA YA FARAGHA NI NINI?

Ni maelezo ya mwenye tovuti juu ya habari zako: anachukua habari zipi, anazitumia kwa kazi gani, anampa nani, na anakaa nazo muda gani. Habari zenyewe ni kama jina, nambari ya simu, nambari ya kitambulisho, mahali ulipo, mshahara, na hata alama ya kidole.

Kuandikwa habari za mfanyakazi si jambo geni. Nchini Kenya wakati wa ukoloni, kuanzia mwaka 1920, wanaume Waafrika walilazimishwa kutembea na kipande. Ndani yake mlikuwa na alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara. Walikitia katika kikebe cha bati na kukivaa shingoni, na wengi wao hawakuweza kusoma kilichoandikwa juu yao. Kipande kilikwisha, lakini swali lake limebaki: nani anaandika habari zako, na nani anazisoma?

KWA NINI HAYASOMEKI?

Kwanza, ni marefu mno. Mwaka 2008 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walipiga hesabu. Waliona kwamba mtu akisoma sera ya kila tovuti anayoingia kwa mwaka mmoja, atatumia saa 244 hivi. Kwa kazi ya saa 8 kwa siku, hizo ni siku 30 za kazi. Hakuna mfanyakazi mwenye nafasi hiyo.

Pili, yanaandikwa na wanasheria ili kumlinda mwenye tovuti siku ya kesi. Hayakuandikwa kumfahamisha mtumiaji. Mara nyingi yako kwa Kiingereza tu, hata kama watumiaji wengi hawakijui.

Tatu, yanaficha mtendaji. Tazama sentensi ya namna hii: "Habari zako zinaweza kutolewa kwa washirika wetu kwa madhumuni ya kuboresha huduma." Nani atazitoa? Washirika ni akina nani? Je, mwajiri wako ni mmoja wao? Mwaka 2021 mamlaka ya teknolojia ya Uganda, NITA-U, ilikuta kwamba kampuni ya usafiri ya SafeBoda ilikuwa imepeleka habari za wateja wake kwa kampuni nyingine iitwayo CleverTap bila kuwaeleza wateja. Kwa hiyo neno "washirika" si neno la kupita juu yake haraka.

SHERIA INATAKA NINI?

Uganda ilitunga sheria ya kulinda habari za watu mwaka 2019. Kwa sheria hiyo, idhini ni ile mtu anayoitoa kwa hiari na akiwa amefahamishwa. Kabla ya kuchukua habari zako, mtu lazima akuambie yeye ni nani, anazitaka kwa kazi gani, nani atazipokea na zitakaa muda gani. Kenya nayo ilitunga sheria ya namna hii mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, na Tanzania mwaka 2022.

Huko Ulaya, sheria iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018 inasema wazi kwamba maelezo haya yawe mafupi na kwa lugha nyepesi. Mwaka 2019 Ufaransa iliitoza kampuni ya Google faini ya Yuro milioni 50. Sababu moja ilikuwa kwamba maelezo yalitawanywa kurasa nyingi, na mtu alihitaji wakati mwingine hatua 5 au 6 kuyafikia. Mwaka 2021 Uholanzi iliitoza TikTok faini ya Yuro 750,000, kwa kuwa watoto wa Kiholanzi walipewa maelezo kwa Kiingereza. Sheria hiyo ya Ulaya inahesabu pia uanachama wa chama cha wafanyakazi kuwa habari nyeti, kama vile habari za afya na dini. Sisi tunajua sababu. Orodha ya wanachama ikifika mikononi mwa meneja kabla tawi halijasimama, watu wanaweza kupoteza kazi.

JINSI YA KUIANDIKA

Basi tuanze nyumbani. Chama kinachoandikisha wanachama kwa tovuti kiandike sera yake hivi:

1. Kitumie "sisi" na "wewe". Badala ya "habari zitakusanywa", kiandike: "Tunakuomba jina, nambari ya simu na mahali unapofanya kazi. Hatuombi nambari ya kitambulisho."

2. Kila habari itajwe pamoja na kazi yake: "Nambari ya simu tunaitumia kukuita mkutanoni tu."

3. Wanaopokea watajwe wazi, hata pale ambapo ukweli ni mgumu. Mfano ni ada. Iandikwe: "Ukichagua kukatwa ada katika mshahara, jina lako litapelekwa kwa mwajiri, kwa sababu yeye ndiye anayekata. Ukilipa ada mwenyewe kwa mweka hazina, hatutampelekea mwajiri jina lako. Mahakama ikitoa amri, tutalazimika kuitii." Lugha nyepesi inayoficha jambo hili ni mbaya kuliko lugha ngumu.

4. Muda uwe na tarakimu. "Kwa muda unaofaa" si jibu. "Miezi 6 baada ya kujitoa" ni jibu.

5. Mambo makubwa yakae mwanzoni, katika ukurasa mmoja. Maelezo marefu ya wanasheria yafuate nyuma kwa anayeyataka, na yasipingane na ukurasa wa kwanza.

6. Iandikwe kwa lugha zinazosemwa katika mistari ya kambi, na isomwe kwa sauti kwa wale wasiosoma.

KUIPIMA

Mwandishi si hakimu wa maandishi yake. Chukueni wafanyakazi watano au sita wakati wa chakula cha mchana, muwasomee sera. Msiwaulize, "Mmeelewa?" maana kila mtu atasema ndiyo. Waulizeni: "Nani ataona nambari yako ya simu? Mwajiri atajuaje kwamba wewe ni mwanachama? Ukitaka kujitoa, utafanya nini?" Mtu akikosa jibu, kosa ni la maandishi, si la mfanyakazi. Mahali hapo paandikwe upya na kupimwa tena kwa watu wengine.

LA KUFANYA SASA

Wahenga walisema, usilolijua ni usiku wa giza. Kubonyeza "Nakubali" bila kuelewa ni sawa na kutia dole gumba katika mkataba uliofunikwa. Katika mkutano ujao wa tawi, muulizeni katibu wenu: orodha yetu iko wapi, nani ana neno la siri la kuifungua, na sera yake imeandikwa kwa lugha gani? Baada ya kuisafisha ya chama, tutakuwa na haki ya kwenda kwa mwajiri anayetuchukua alama za vidole langoni, na kudai atueleze naye kwa lugha tunayoielewa.