Mkono wa Juu Ndio Wenye Gongo

Kati ya watu kumi, takriban tisa hutumia zaidi mkono wa kulia. Lakini ukiwatazama wachezaji wa NHL, ligi kubwa ya magongo ya barafuni ya Marekani na Kanada, utakuta zaidi ya nusu yao wanapiga kushoto. Wayne Gretzky alipiga kushoto, na Sidney Crosby anapiga kushoto hadi leo. Je, mashoto wote wamekimbilia barafuni?

La hasha. Kupiga kushoto maana yake ni kwamba ubapa wa gongo unakaa upande wa kushoto wa mwili. Ili ukae hapo, mkono wa kushoto hushuka katikati ya mpini, na wa kulia hubaki juu kwenye ncha. Kazi za mikono hiyo hazilingani. Wa chini husukuma na kuupinda mpini wakati wa shuti. Wa juu ndio unaougeuza ubapa, kuutuliza na kuupeleka unakotakiwa. Mchezaji akitaka kumpokonya mpinzani paki, kile kisahani cha mpira mgumu, mara nyingi huachia mkono wa chini na kulisukuma gongo mbele kwa mkono wa juu peke yake. Kwa hiyo mtu wa mkono wa kulia anayepiga kushoto ameupa mkono wake hodari kazi inayohitaji ustadi zaidi. Wapo pia wanaoushusha mkono huo chini ili wapate nguvu ya shuti, nao hufika mbali vilevile.

Zamani uchaguzi huo haukumfunga mtu. Ubapa ulikuwa umenyooka, na Gordie Howe aliweza kubadilisha mikono katikati ya mchezo. Miaka ya 1960, Stan Mikita na Bobby Hull wa Chicago wakaeneza ubapa uliopinda, na tangu hapo kila gongo likawa na upande wake. Makocha nao wakaanza kuupigia hesabu upande huo. Alexander Ovechkin hupiga kulia lakini hucheza wingi ya kushoto. Akisimama pale, ubapa wake unatazama katikati ya uwanja, tayari kuipiga pasi inayotoka upande wa pili bila kuituliza kwanza. Mwaka 2025 aliivuka rekodi ya Gretzky ya mabao 894.

Kwenye mpira wa magongo wa uwanjani, huu tunaoujua Afrika Mashariki, hakuna cha kuchagua. Kwa mujibu wa kanuni, gongo huwa bapa upande wa kushoto tu, na ni marufuku kuucheza mpira kwa upande wa mviringo. Gongo la mashoto haliruhusiwi. Kila mchezaji huweka mkono wa kushoto juu na wa kulia chini. Timu ya Kenya iliyoshika nafasi ya nne katika Kombe la Dunia la 1971 huko Barcelona ilicheza hivyo, kama timu nyingine zote.

Je, kanuni hiyo inamwonea mashoto? Tazama mpira unapomwangukia mchezaji upande wake wa kushoto. Analazimika kuligeuza gongo mpaka ncha iliyopinda ya gongo itazame chini, ndipo upande bapa ukutane na mpira. Mkono wa kushoto ndio unaouzungusha mpini. Wa kulia hulegezwa tu ili mpini uzunguke ndani ya kiganja. Anayetaabika zaidi hapo ni yule wa mkono wa kulia, ambaye mkono wake dhaifu ndio umepewa usukani.

Basi, mwalimu wa michezo, usimkatae mtoto kwa kuwa ni mashoto. Wape wanafunzi wako wote zoezi la kuligeuza gongo kwa mkono wa kushoto peke yake, na wale wa mkono wa kulia uwaongezee muda.