Jana Ulikwenda Wapi?

Tuseme kijana wa hapa Giakanja, Tetu, ameanguka kutoka juu ya mparachichi, akaumia mgongo. Katikati ya mifupa ya mgongo hupita ugwe wa neva unaopeleka amri za ubongo hadi miguuni. Ukipondwa, amri hazifiki, hata kama miguu yenyewe ni mizima. Akatibiwa Nairobi, kwenye hospitali ya taifa ya majeraha ya uti wa mgongo, akarudi na kiti cha magurudumu cha kusukuma kwa mikono.

Je, kiti kinamfaa? Kule wodini sakafu ni laini, kila mtu anaonekana hodari. Huku Tetu ni milima na mabonde. Rampu nzuri hupanda sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za urefu. Njia zetu nyingi ni kali kuliko hapo. Akipanda, inambidi ainamie mbele, la sivyo kiti kitapinduka kinyumenyume. Akishuka, anaiachia ringi ya kusukumia gurudumu iteleze viganjani polepole, na viganja vinaungua. Mvua za Aprili zikinyesha, magurudumu madogo ya mbele huzama kwenye udongo mwekundu. Hapo huegemea nyuma, akayainua, akasawazisha kiti kwa magurudumu mawili makubwa na kusonga hivyo hivyo. Ni ufundi wa kufundishwa, tena mwalimu awe amesimama nyuma yake.

Katika Chuo Kikuu cha Dalhousie, Kanada, daktari Lee Kirby na wenzake walitunga jaribio la ustadi wa kutumia kiti cha magurudumu. Katika maswali yake wanauliza: unaweza kufanya hili? Unajiamini kiasi gani? Unalifanya mara ngapi? Mimi nalipenda hilo la mwisho. Mtu anaweza kujua kupanda kizingiti vizuri kabisa, lakini wiki nzima hajatoka nje ya boma, kwa sababu lango ni jembamba, au mabega yanamuuma. Mabega hayo sasa yanafanya kazi ya miguu, ndiyo maana hufundishwa kusukuma kwa misukumo mirefu, taratibu.

Kuna vifaa vya kufunga kwenye gurudumu vikahesabu mizunguko. Vinasaidia, ila gurudumu huzunguka vilevile hata anayesukuma akiwa ni mama yake. Kwa hiyo mtaalamu makini humuuliza mwenyewe: jana ulikwenda wapi, na ni nani aliyekusukuma?