Kioo cha laptopu kwa macho yasiyovumilia mwanga

Saa sita u nusu mchana, Maili Moja, Kibaha. Jua limesimama karibu utosini, na Barabara ya Morogoro inamulika kwa vioo vya malori. Chini ya mwembe, mwanafunzi mwenye shati jeupe la shule anafungua laptopu. Kabla hajasoma neno, analiona shati lake kwenye kioo.

Hesabu yake ni nyepesi. Jua la saa hizo humwaga ardhini mwanga wa laksi 100,000 hivi. Kivulini hubaki kama 10,000. Hapo shati jeupe hung'aa kwa niti (kipimo cha mng'ao) zipatazo 2,500, na kioo laini hurudisha machoni asilimia 4 ya mng'ao huo, yaani niti 100. Laptopu nyingi za bei ya kawaida zenyewe hutoa niti 250 hadi 300 tu. Herufi nyeusi zinageuka kijivu, na msomaji anaongeza mwanga hadi mwisho.

Kwa mwenye ualbino, mwanga huo ni maumivu. Inakadiriwa kuwa Tanzania mtu 1 katika kila 1,400 ana ualbino. Ulaya ni 1 kati ya 17,000 hadi 20,000. Melanini, yaani rangi ya asili ya mwili, ikiwa haba, duara la rangi linalozunguka mboni halizuii mwanga, nao hupenya kama jua kwenye pazia jepesi. Wenye kipandauso nao wanaijua adha hiyo.

Wauzaji husifia mwanga wa juu. Mnunuzi mwenye macho ya aina hii aulize kwanza kioo kinafifia hadi wapi, maana vipo ambavyo hata vikipunguzwa hadi mwisho, usiku umeme ukikatika kule Kisarawe, bado vinachoma macho.

Halafu kuna kupepesa. Vioo kadhaa, hasa vya OLED, hupunguza mwanga kwa kuzima na kuwaka mamia ya mara kwa sekunde. Jicho halioni, lakini kichwa cha baadhi ya watu huuma. Dukani, mwanga wa kioo upunguzwe, ukurasa mweupe ufunguliwe, kisha upigwe video ya mwendo wa polepole kwa simu: michirizi myeusi inayotembea ni onyo. Taa za duka zizimwe kwanza, kwani kwa umeme wetu wa hezi 50 nyingi nazo hupepesa mara 100 kwa sekunde.

Ukurasa mweusi wenye herufi nyeupe huwafaa wengi, ila si wote. Wenye ualbino mara nyingi wana jicho lisilo na mviringo sawasawa, na herufi nyeupe huwatawanyikia. Rangi ya krimu na herufi kubwa nyeusi huweza kuwafaa zaidi.

Laptopu za ofisini zilizokwishatumika, ambazo nyingi zina kioo kisichoakisi, mara nyingi huwafaa kuliko mpya inayometameta, tena kwa bei nafuu. Shule za Kibaha na Kisarawe zinaponunua kompyuta, zimwite mwanafunzi mwenye ualbino azijaribu barazani mchana na ndani gizani, kabla hela haijalipwa.