Saa ya Kufunguliwa Bahari

Dagaa wanapoletwa sahanini, ni nadra sisi wa nyumbani kuuliza ni nani aliyeamua usiku wa kuwavua. Hapa pwani mwamuzi ni mwezi: usiku wa giza mashua hutoka na taa zake, na mbalamwezi ikitanda wavuvi hupumzika. Katika jimbo la Alaska, kaskazini ya mbali ya Marekani, wako samaki wa ukoo mmoja na dagaa, waitwao heringi. Mwamuzi wao ni yai.

Kila mwaka, kuanzia mwishoni mwa Machi, heringi huingia kwa makundi makubwa katika ghuba ya Sitka ili watage. Soko halitafuti minofu yao bali mayai, ambayo hupelekwa zaidi Japani, yakaliwa Mwaka Mpya kwa kutakiana uzazi mwingi. Lakini mayai hayo hufaa yakiwa yamekomaa na yangali tumboni. Msimu ukifunguliwa mapema, ni machanga. Ukicheleweshwa, samaki wamekwisha kutaga. Basi maofisa wa jimbo huizunguka ghuba kwa ndege, na samaki wachache huvuliwa na kupasuliwa hadi mayai yafikie kama sehemu ya kumi ya uzito wao. Wenye vibali, ambao hawafiki mia, hukaa chonjo, kwani tangazo huweza kutangulia kwa muda wa saa mbili tu. Kisha, katika baadhi ya misimu, sauti redioni huhesabu kurudi nyuma, na nyavu za kuzungushia hushushwa kwa pamoja.

Mipaka ipo. Makadirio ya samaki yakiwa chini ya tani 25,000, hakuna uvuvi wa biashara. Yakizidi hapo, huruhusiwa kuvuliwa kati ya asilimia 12 na 20. Mwaka 2019 na 2020 nyavu hazikuvua kitu cha biashara.

Hata hivyo, ufukweni wako wanaosubiri yai hilo hilo. Wenyeji wa kabila la Tlingit, tangu enzi za mababu, huzamisha matawi ya mti wa hemloki majini. Heringi hutaga juu yake, maji yakageuka meupe mfano wa maziwa, na baada ya siku chache matawi hutolewa yakiwa yamefunikwa mayai, yakagawiwa jamaa, wazee na majirani. Wanalalamika kwamba matawi siku hizi hutoka mepesi, na mwaka 2018 baraza lao lilifungua shauri dhidi ya jimbo.

Hatuwabezi wenye mashua. Nao wana madeni na watoto wa kulisha, na wanashika sheria iliyowekwa. Ila tofauti moja yatupasa kuizingatia. Heringi hafi kwa kutaga. Akiachwa, hurudi mwaka wa pili na wa tatu. Avunaye kwenye tawi huchukua mayai na kumwacha mama aende zake. Avunaye kwa wavu humchukua mama pamoja na mayai, na madume pia, kwa kuwa wavu hauchagui.

Tuwasimulie watoto wetu habari hii mezani. Kila nyumba ina chakula chake na ina mbegu yake, na mara nyingi viwili hivyo ni kitu kimoja. Kabla ya kuuliza tutavuna kiasi gani, tuulize kwanza nani mwingine anangoja ufukweni.