Istilahi ya Kipimo Kisomacho Kemia ya Ubongo

Miongoni mwa dhana zinazoidai lugha yetu istilahi ni kipimo kinachochunguza uvimbe wa ubongo kwa nguvu ya sumaku. Tulipindapo jina lake, tumfikirie mzee wa Kitaji, mjini Musoma, ambaye nyumbani husema Kijita na hospitalini hutegemea Kiswahili. Akiambiwa kichwani mwake mna "uvimbe", huenda akadhani ni kama ule wa jipu, utulizwao kwa kukandwa. Akisikia kipimo ni cha "nyuklia", huenda akakikimbia.

Msingi wa kipimo hiki ulielezwa mwaka 1946 nchini Marekani na Felix Bloch na Edward Purcell, kila mmoja na kundi lake. Mwaka 1952 walitunukiwa Tuzo ya Nobel. Viini vya atomi za haidrojeni, viwekwapo ndani ya sumaku kali, huitikia mawimbi ya redio yenye marudio maalumu tu. Mwitikio huo tuuiteje? Neno mwangwi halitufai, kwani mwangwi ni sauti irudiyo baada ya kugonga mwamba. Jambo hili lafanana zaidi na nyuzi mbili za litungu, zeze lijulikanalo sana mkoani Mara, zilizokazwa kwa sauti moja: upigwapo mmoja, wa pili nao hutetema. Twachagua mvumo.

Mvumo huo waweza kutoa picha. Waweza pia kutoa spektra, yaani mchoro wa vilele vinavyoonyesha kemikali zilizomo. Kemikali iitwayo N-asetili-aspateti huashiria uzima wa seli za neva. Kolini huongezeka pale tando za seli zijengwapo kwa haraka. Katika uvimbe mkali, aghalabu ya kwanza hushuka na ya pili hupanda. Hata kipande cha tishu kilichotolewa kwa upasuaji chaweza kupimwa, kikizungushwa kwa kasi ndani ya sumaku.

Basi twapendekeza istilahi spektroskopia ya mvumo wa sumaku. Neno nyuklia tumeliacha, kama hospitali za nje zilivyoliacha katika jina la kipimo cha picha miaka ya 1980. Viini havipasuliwi hapa, wala hakuna mionzi kama ya eksirei. Nao ugonjwa wenyewe tuuite uvimbe wa seli, ili utengwe na jipu na uvimbe wa kifua kikuu.

Tofauti hiyo si ya maneno matupu. Uvimbe wa kifua kikuu ubongoni huweza kuonyesha vilele vya mafuta, navyo huonekana pia katika uvimbe mkali wa seli. Ndiyo maana hadubini bado yahitajika. Hivyo mzee wa Kitaji aambiwe wazi: kipimo hiki husoma kemikali na kumsaidia mganga kuamua, hakitoi hukumu ya mwisho. Istilahi njema haiahidi kuliko kitu inachokitaja.