Babu na Nyanya ni Wanne, Watoto ni Wawili

Mtoto anapozaliwa katika nyumba ya Wakikuyu wanaoshika desturi, jina lake huwa limekwisha kumngoja. Wazazi hawakeshi wakitafuta neno lenye sauti ya kupendeza. Mvulana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili jina la babu mzaa mama. Msichana wa kwanza hupewa jina la nyanya mzaa baba, na wa pili jina la nyanya mzaa mama. Baada ya hao wanne ndipo hufika zamu ya ndugu za baba na ndugu za mama, upande huu kisha upande ule, mpaka uzazi ukome.

Mambo hayo si pambo. Anayepewa jina la mzee huhesabiwa kuwa ndiye mzee huyo aliyezaliwa tena. Kwa hiyo husikika baba akimwita mwanawe mchanga "baba", na mama akimwita binti yake "mama", wala hakuna anayecheka. Husemwa kwamba mwanamke huyo amemzaa mama yake. Jina la Kariuki lenyewe latokana na neno la kufufuka. Naye mzee anapofika kwa mwanawe akamkuta mjukuu mwenye jina lake, hukaa karibu naye kuliko wengine, na ole wake atakayemchapa kijana huyo mbele ya macho yake.

Desturi hii ilistawi wakati nyumba zilipokuwa na watoto wengi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alikuwa akizaa, kwa wastani, watoto wapatao 8. Uchunguzi wa afya na uzazi uliofanywa nchini mwaka 2022 ulionyesha wastani wa 3.4, na katika miji hesabu ni ndogo zaidi. Karani anayelipa kodi ya nyumba na karo ya shule husema watoto wawili wanatosha, labda watatu. Lakini babu na nyanya hawakupungua. Wangali wanne kama zamani.

Afadhali jambo hili lipigiwe hesabu, maana wengi hulitambua wakiwa wamechelewa. Ikiwa watoto ni wawili, mvulana na msichana, majina yote mawili huenda upande wa baba, na upande wa mama haupati hata moja. Wakiwa wavulana wawili, babu wote wawili wamezaliwa, bali nyanya wote wawili wamekosa. Wakiwa wasichana wawili, ni kinyume chake. Hata wazazi wenye watoto wanne hawana hakika, kwa kuwa ni lazima wapate wavulana wawili na wasichana wawili, na kwa hesabu ya bahati hilo hutokea katika nyumba tatu hivi kati ya kila nyumba nane. Zile tano nyingine zina deni.

Deni ndilo neno linalofaa. Mfano ni mzee aliyemtoa binti yake. Mahari ililetwa, wazee wakanywa pombe, binti akaenda kwa watu. Mzee huyo hatarajii shamba kutoka kwa mkwewe, wala hataki kulishwa naye. Anachongojea ni siku moja aambiwe kwamba amezaliwa kwa binti yake. Binti akimzaa mvulana mmoja kisha akafunga uzazi, mzee hatalalamika mbele ya watu, kwa kuwa ni aibu kulalamikia jambo kama hilo. Lakini mkewe atajua, na binti mwenyewe atajua kila anapomtembelea. Tena uchungu huu huwapata zaidi wanawake, kwa sababu zamu ya wazazi wao hufuata ya upande wa mume. Mama asiyeolewa hana tatizo hilo, kwani yeye huanza na wazazi wake mwenyewe.

Makabila mengine hayakufungwa na hesabu hii kwa namna ileile. Wabukusu wana majina mengi yanayotokana na majira: Wekesa ni wa wakati wa mavuno, Wafula ni wa mvua, Simiyu ni wa kiangazi, Wanjala ni wa njaa, na wasichana ni Nekesa, Nafula, Nasimiyu na Nanjala. Kwa Wajaluo, Otieno amezaliwa usiku, Ochieng' jua likiwa kali, na Okoth wakati wa mvua. Mvua haihesabiki wala haina wakwe. Hata hivyo wazee waliofariki hawakusahauliwa huko. Kwa Wajaluo mzee aliweza kumjia mtu katika ndoto na kudai jina lake. Na mtoto akilia bila kunyamaza, majina ya marehemu yalitajwa moja moja, na lile lililomnyamazisha ndilo lililokuwa lake. Wanandi na Wakipsigis walitaja majina ya wazee mpaka mtoto akapiga chafya. Katika mila hizo ni kama mtoto mwenyewe ndiye aliyechagua, na hilo huokoa ugomvi mwingi kati ya wakwe.

Wamisionari walipofika waliongeza jina la tatu juu ya yale mawili ya zamani, yaani la mtoto na la baba yake. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1917 ilimwagiza padre ahakikishe kuwa anayebatizwa anapata jina la Kikristo. Sheria mpya ya mwaka 1983 yataka tu jina lisiwe geni kwa moyo wa Kikristo. Misheni za Kiprotestanti nazo zilikuwa na masharti yao. Kamau wa Ngengi, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Jomo Kenyatta, alibatizwa katika misheni ya Waskoti ya Thogoto mwaka 1914. Waandishi wa maisha yake hueleza kwamba alitaka aitwe John Peter, akaambiwa achague moja tu. Basi akachagua Johnstone, akalihifadhi jina la Petro ndani ya neno la Kiingereza lenye maana ya jiwe. Oginga Odinga aliyaacha majina yake ya ubatizo, Obadiah na Adonijah. Mwandishi James Ngugi, aliyetoa kitabu chake cha kwanza cha hadithi mwaka 1964, alijulikana baadaye kama Ngũgĩ wa Thiong'o.

Werevu ule wa Kamau, wa kuingiza majina mawili katika moja, ndio unaotumiwa leo na wazazi wengine wenye watoto wachache. Nyanya wengi wa siku hizi wana jina la ubatizo na jina la ukoo. Kwa hiyo msichana akizaliwa peke yake, huweza kuchukua la ubatizo la nyanya mmoja na la Kikikuyu la nyanya wa pili. Ikiwa mzaa mama ni Ruth na mzaa baba ni Wanjiru, mtoto huitwa Ruth Wanjiru, na kila nyanya humwita kwa lile lake. Wapo wazee wasioridhika na mgawanyo huo, wakisema mtu hazaliwi nusu. Lakini ni vigumu kuona njia iliyo bora zaidi, na mzee mwenye busara hupokea nusu kwa shukrani.

Wengine huruka zamu kwa makusudi: wa kwanza upande wa baba, wa pili upande wa mama, bila kujali mpangilio wa zamani. Hapa kosa la vijana wengi ni kulitangaza jambo hilo hospitalini, mtoto akiwa amekwisha kuzaliwa na nyanya amekwisha kufika na uji. Jambo la namna hii huzungumzwa mapema, mimba ikiwa ingali changa, tena huzungumzwa na mume kwa wazazi wake mwenyewe. Mke akiachiwa kazi hiyo, ataonekana yeye ndiye aliyemnyima mama mkwe jina.

Wapo pia wanaoiacha desturi yote na kuchagua jina kwa kulipenda tu. Mwaka 2008, baada ya uchaguzi wa Marekani, watoto kadhaa waliozaliwa Kisumu waliitwa Barack na Michelle. Hakuna ubaya. Lakini jina lililochaguliwa kwa furaha ya wiki moja litaitwa shuleni kila asubuhi kwa miaka mingi, na nyanya asiyeweza kulitamka atamtungia mtoto jingine la nyumbani, nalo ndilo litakaloshika.

Jina lililokubaliwa na wazee bado lina safari ya kwenda kwenye daftari la Serikali. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ni ya mwaka 1928, lakini kwa miaka mingi Waafrika walio wengi hawakuandikishwa. Ndiyo maana wazee wengi wana jina moja kanisani, jingine katika kitambulisho, na herufi nyingine tena katika hati ya shamba. Mashamba yalipopimwa na kuandikwa tangu mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, karani aliandika alichosikia. Mzee anapofariki, wanawe hulazimika kula kiapo kwamba Wanjiku wa hati na Wanjiko wa kitambulisho ni mama yao huyo mmoja.

Kwa hiyo baba anayekwenda kuandikisha aende na majina yaliyoandikwa kwenye karatasi, ayasome tena kabla ya kutia sahihi, wala asimwachie karani kukisia. Kizazi hutakiwa kuandikishwa kabla ya miezi sita kupita. Ikiwa wazee wangali wanabishana, mtoto huweza kuandikishwa bila jina, na sheria huwapa wazazi miaka miwili tangu siku hiyo waliingize jina, au walibadili lililoandikwa. Baada ya hapo itahitajiwa hati ya wakili ya kubadili jina, itakayotangazwa katika Gazeti la Serikali, kwa gharama yao wenyewe. Miaka miwili ni muda wa kutosha kumtembelea mzaa mama.