Mustang kwenye theluji ya Minnesota: tairi, gari la pili au kulilaza gereji?

Januari ndio mwezi wa kununua Mustang mjini Minneapolis. Wauzaji wa magari yaliyotumika hawapendi gari la starehe likae yadi likifunikwa na theluji, na bei iliyokuwa haigusiki mwezi Juni huanza kuzungumzika. Vijana wetu wa Brooklyn Park, wengi wao wafanyakazi wa hospitali na nyumba za wazee, huiona nafasi hiyo na kuichangamkia. Kazi huja baadaye, kutoka Novemba hadi Aprili, kila mwaka.

Injini ya Mustang iko mbele, kwa hiyo uzito unaoegemea nyuma haufiki hata nusu ya uzito wa gari. Yaani magurudumu ya nyuma, ambayo ndiyo yanayosukuma, ndiyo mepesi. Kanyaga mafuta kwa pupa juu ya barafu, tairi za nyuma zitazunguka bila kushika na kitako kitataka kwenda mbele. Mfumo wa kielektroniki wa kuzuia gari lisiteleze, ambao Marekani umekuwa wa lazima tangu magari ya toleo la 2012, hupunguza nguvu za injini na kubana gurudumu moja moja. Unasaidia sana, lakini hauwezi kuipa tairi mshiko ambao haina.

Tatizo kubwa zaidi ni tairi zenyewe. Mustang za GT zenye vifaa vya mbio kwa kawaida hutoka kiwandani na tairi za kiangazi, na mpira wake huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi, theluji iwepo isiwepo. Michelin wenyewe wanaonya kuhusu baadhi ya tairi zao za namna hiyo: zikishakaa kwenye baridi kali kuliko nyuzi 7 chini ya sifuri, gari lisisogezwe mpaka zipashwe joto kwa saa 24, maana zinaweza kupasuka. Minnesota, nyuzi 7 chini ya sifuri ni siku ya kawaida tu.

Basi tupige hesabu. Tairi nne nzuri za baridi, aina ya Blizzak au X-Ice, kwa saizi ya Mustang huchukua kama dola 800 hadi 900. Ukizivisha kwenye rimu zile zile za kiangazi, utamlipa fundi dola 100 au zaidi kila Novemba na kila Aprili kuvua na kuvisha. Kwa misimu minne hiyo ni dola 800 nyingine, jumla karibu 1,700. Ukinunua rimu za pili kwa dola 500 au 600, unatumia kama 1,400 mara moja tu, na kubadilisha unaweza kufanya mwenyewe kwa jeki na spana. Na rimu za baridi ziwe ndogo kidogo: Mustang ya silinda nne inavaa inchi 17, tairi inakuwa nyembamba zaidi, inachimba theluji badala ya kuelea juu yake, na bei inashuka. Mwenye GT yenye breki kubwa apime kwanza, inchi 17 haitaingia.

Hizo 1,400 ukizigawanya kwa misimu minne ni 350 kwa msimu, na hata hizo si hasara tupu. Miezi yote ambayo tairi za baridi ziko barabarani, za kiangazi zimepumzika stoo, kashata yake haipungui. Sehemu ya pesa hiyo ungeitoa tu hata ungekuwa Miami.

Dukani tazama ubavu wa tairi. Unachotafuta ni alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Herufi M+S peke yake si ushahidi wa kupimwa kwenye theluji. Ukinunua zilizotumika, soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT: 3523 ni wiki ya 35 ya mwaka 2023. Kashata ikiwa chini ya milimita 4, achana nazo. Tairi za misumari zisikupe shida ya kuwaza, sheria ya Minnesota hairuhusu wakazi kuzitumia. Wapo pia wanaonunua mbili tu za nyuma kwa sababu nguvu ziko huko. Hao wataondoka vizuri, kisha watakata kona na usukani usitii.

Kiroba cha mchanga cha kuongeza uzito nyuma ni cha dola chache na hakina ubaya, mradi ukilaze karibu na ekseli ya nyuma na kukifunga kisihame. Ukikwama, mchanga wenyewe unamwaga mbele ya tairi. Ila uzito huo huo ndio utakaotaka kusimamishwa kwenye taa nyekundu.

Chaguo linalosifiwa sana na wenzetu ni gari la pili: Corolla ya dola 4,000 au 5,000 "ya kuchezea chumvi". Nina mashaka nalo. Bima yake ni ya mwaka mzima isipokuwa uwe hodari wa kuifungua na kuifunga, usajili unalipa, na Corolla nayo inahitaji tairi za baridi. Halafu utayaweka wapi magari mawili? Jiji la Minneapolis likitangaza dharura ya theluji, usiku wa kwanza huruhusiwi kuegesha kwenye barabara zilizotajwa, kesho yake kwenye barabara nyingine upande wa namba shufwa unaachwa wazi, keshokutwa upande wa witiri. Anayeishi ghorofani bila gereji atahamisha gari mbili kwenye baridi, au moja ataifuata kwenye yadi ya jiji na kulipia kuvutwa.

Kulilaza Mustang kwenye stoo ya kukodi, dola 100 hivi kwa mwezi, kunaliokoa na chumvi inayokula chuma chini kwa chini. Watu hudhani pia wataokoa bima kwa kubakiza ya wizi na moto tu. Kama gari lina mkopo, mkopeshaji kwa kawaida hakubali. Na bado unahitaji usafiri wa kazini.

Kuuza na kuchukua Challenger GT inayosukuma kwa magurudumu yote manne, iliyoanza na toleo la 2017, ni wazo la maana kwa anayepanda milima ya Duluth kila siku. Lakini ilitoka na injini ya V6 tu, na magurudumu manne yanayosukuma hukusaidia kuondoka, si kusimama. Nayo itataka tairi za baridi.

Kwa hiyo kwa mwenye gari moja na barabara za mjini, mimi ningenunua tairi na rimu. Ninayemtoa kwenye hesabu hii ni mhudumu wa wagonjwa majumbani anayeanza zamu saa kumi na mbili asubuhi, kabla greda halijapita. Mustang ina uwazi wa kama sentimita 14 chini yake, na greda likishapita huacha tuta la theluji iliyoshindiliwa mlangoni mwa kila nyumba. Tumbo likishakalia theluji nene au tuta hilo, tairi haina la kushika hata iwe ya bei gani. Huyo anunue Subaru iliyotumika, na aitafute Julai, wakati hakuna anayeiulizia.